Siku Tisa za Kumngoja Lolo

Otilia Cárcamo alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakulificha jambo hilo. Aliogopa mbwa wa mitaani, na kwenye vilima vya mji wa bandari wa Valparaíso mbwa hawahesabiki. Aliogopa simu ikilia, aliogopa watu wa benki, aliogopa samaki mbichi na maji yanayofika juu ya vifundo vya miguu. Zaidi ya yote aliogopa lifti za kilimani, vile vibanda vya mbao vinavyovutwa kwa waya juu ya genge huku vikilia kama mgonjwa. Kwa sababu hiyo alikuwa amepanda na kushuka ngazi za kilima chao kwa miguu maisha yake yote, mkoba wa nguo begani, hadi magoti yakaanza kumlaumu. Riziki yake ilitokana na cherehani: alishona sare za shule, kazi isiyomlazimisha mtu kutoka nje sana. Watu wakimcheka alikuwa na jibu moja.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nicheke tu, mwanangu, mimi nimetulia."

Mdogo wake, Irma, hakufanana naye hata chembe. Irma aliendesha teksi miaka ishirini na mmoja kwenye barabara zile za mteremko, zile ambazo gari likikosea gia linajikuta kwenye paa la jirani. Aligombana na mapolisi, alitukanana na madereva wa malori, na mlevi mmoja aliyejaribu kumnyang'anya mkoba alishushwa kwenye teksi akiwa hana viatu. Ndugu hawa wawili waliishi nyumba moja ya mabati, iliyopakwa rangi ya manjano, tangu mume wa Irma alipokwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya kaskazini asirudi. Kelele ya nyumba ilikuwa ya Irma. Kimya chake kilikuwa cha Otilia.

Halafu mapafu ya Irma yakaharibika. Mwezi wa Mei hospitali ilimrudisha nyumbani na mtungi wa hewa, mpira wa kupitisha puani, na maneno ya daktari yaliyosemwa ukumbini, mbali na kitanda: miezi miwili, mitatu Mungu akipenda. Irma hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani.

Siku moja asubuhi walikuwa wakisikiliza redio. Mtangazaji, kijana mwenye sauti ya kuchangamka kupita kiasi, alikuwa akiwahimiza wasikilizaji wake: kila siku fanya jambo moja jipya, au jambo moja linalokutetemesha, hata likiwa dogo. Otilia alinyoosha mkono kuibadilisha stesheni.

"Iache," akasema Irma. "Umesikia?"

"Nimesikia mtu asiye na kazi."

"Mimi siku hizi jambo linalonitetemesha ni kwenda msalani. Nikifika nashangilia." Alinyamaza kidogo kuvuta hewa. "Wewe utakwenda badala yangu, dada."

"Nende wapi?"

"Popote unapoogopa. Kila siku jambo moja. Jioni tukinywa chai unaniletea habari."

"Irma, nina miaka sitini na mitatu."

"Ndiyo maana. Ungekuwa na ishirini ningekuacha ujifikirie kwanza."

Otilia alidhani ni mzaha wa siku moja. Lakini jioni, alipopeleka chai na mkate uliopakwa parachichi, Irma hakugusa kitu. Alimkazia macho tu. "Enhe? Habari?" Hakukuwa na habari. Irma akageukia ukutani kama mtoto aliyenyimwa hadithi. Kesho yake Otilia alikwenda kwenye lifti.

Alipanda akiwa amefumba macho, amemshika mkono mwanamke asiyemjua, akisali kwa sauti. Kibanda kilipogonga juu kabisa yule mwanamke akamwambia, "Tumefika, mama, nirudishie vidole vyangu." Irma aliposimuliwa alicheka mpaka mpira ukamtoka puani. Cheko lile lilimwingia Otilia mwilini kama dawa. Hakuwa amelisikia tangu hospitali.

Basi akaendelea. Sokoni, karibu na bandari, alikula yule mnyama wa bahari mwenye miiba anayepasuliwa na kuliwa mbichi kwa limau. Alimmeza kwa machozi. Alimwambia mwuza nyama, mbele ya wateja, kwamba kwa miaka kumi amekuwa akiweka kidole kwenye mizani, na yule bwana akawa mwekundu kama nyama yake. Aliingia baa ya mabaharia saa tano asubuhi akaagiza glasi ya divai, akainywa akiwa amesimama, akatoka. Alimpapasa kichwa mbwa mkubwa mweusi wa kona ya kwanza, na tangu siku hiyo mbwa yule akawa anamsindikiza mpaka mlangoni. Jioni Irma alidai kila kitu: harufu ya baa, nani aligeuka kutazama, mwuza nyama alijibu nini. Alikuwa akisafiri mjini kwa miguu ya dada yake.

Mwezi wa Juni mvua zilianza. Siku moja mvua ilinyesha hadi ngazi zikawa mito, na Otilia akashinda kwenye benchi la kanisa, miguu imelowa, bila kufanya lolote. Njiani akinunua sopaipilla, zile chapati ndogo za boga zinazokaangwa siku za mvua, aliona pikipiki ya kupeleka dawa majumbani. Alipofika nyumbani alisema kwamba kijana wa pikipiki ile amempakia hadi juu kilimani.

"Wewe? Juu ya pikipiki?"

"Nilimshika kiuno kama mchumba wake."

"Kofia alikupa?"

"Alinipa."

"Rangi gani?"

"Nyekundu," akasema Otilia, akiangalia mikono yake.

Irma alimtazama muda, akatabasamu, akaomba sopaipilla nyingine. Uongo ule ulikuwa mdogo na ulimfurahisha mgonjwa. Otilia hakuona dhambi. Wiki ile aliongeza mwingine, kisha wa tatu. Aligundua kwamba uongo hauogopeshi kama lifti.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, Irma hakutaka habari. Alikuwa amelala chali, midomo yake ina rangi ya zambarau.

"Kuna jambo moja tunaliogopa sote wawili," akasema. "Unalijua."

Otilia alilijua. Alisimama akajifanya anarekebisha utambi wa jiko la mafuta ya taa.

"Namba yake iko kwenye droo ya cherehani," akasema Irma. "Chini ya vifungo. Binamu alikupa kwenye harusi, miaka kumi na moja sasa. Ulidhani sijui?"

Walikuwa na kaka mmoja, Eleodoro, aliyezaliwa katikati yao, ambaye nyumbani walimwita Lolo. Miaka ishirini na sita nyuma, katika sikukuu za Septemba ambapo mji mzima hurusha tiara na kuchoma nyama, Lolo aliazima mashua ya rafiki akamchukua Abel, mtoto pekee wa Irma, kwenda kuvua. Abel alikuwa na miaka sita. Wimbi liliipiga mashua ubavuni ikapinduka. Lolo alimdaka mtoto kwa shati. Alipofika ufukweni mkononi mwake kulikuwa na shati.

Kwenye mazishi, mbele ya watu wote, Irma alimtazama kaka yake na kumwuliza, "Kwa nini umerudi wewe?" Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Lolo alitoka makaburini kabla kaburi halijafukiwa, na hawakumwona tena. Walisikia kwamba yuko Putaendo, bonde la mizabibu lililo mbali na bahari, saa tatu kwa basi. Hakuwa amekimbilia nchi nyingine. Saa tatu tu.

"Mpigie," akasema Irma. "Mwambie mimi nimemwita. Na mwulize kama anapata usingizi."

"Kama anapata usingizi?"

"Hayo tu. Mimi sipati tangu siku ile. Nataka kujua kama na yeye hapati."

Jumatatu Otilia alikwenda kwa jirani yao, Bi Nolfa, mjane wa karani wa bandari, akaomba chumba chenye simu na mlango wa kufunga. Alikaa mbele ya simu saa nzima. Akapiga. Ikalia mara nne.

"Aló?" Sauti ya mwanamume. Ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa yeye. Hata namna ya kukata neno ilikuwa ya baba yao. "Aló? Nani mwenzangu?"

Otilia aliirudisha simu mahali pake, taratibu, kana kwamba ingeweza kuvunjika. Jumanne alikwenda tena, akaketi tena. Safari hii hakuinyanyua kabisa. Aliporudi nyumbani Irma alikuwa ameegemea mito miwili, macho yanang'aa kwa homa na kwa kungoja.

"Umempata?"

Wakati wa kusema la ulikuwa pale. Otilia aliuona, kama unavyoona kituo basi likikipita.

"Nimempata."

"Alisemaje?"

"Alilia."

"Lolo alilia?"

"Alilia sana. Atakuja, Irma. Anapogoa mizabibu, ndio wakati wake huu. Akimaliza atakuja."

Irma alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. "Usingizi je? Ulimwuliza?"

"Simu ilikatika kabla."

Kesho yake Irma aliomba kitanda kisogezwe dirishani, ambako ngazi zinaonekana hadi kona ya chini. Keshokutwa aliomba nywele zake zioshwe. Siku ya nne aliomba blauzi ya buluu, akaivaa juu ya gauni la kulalia, na haikumkaa, kwa maana mwili ulikuwa umebaki mifupa. Mtu yeyote mwenye kofia akitokea kona ya ngazi, alijiinua kwa viwiko. Alikuwa mtu wa posta. Alikuwa mtu wa gesi. Alikuwa mzee wa nyumba ya kijani akirudi na mkate.

"Mizabibu yenyewe ni mingi kiasi gani?" aliuliza siku ya sita.

"Mingi."

"Si ampe mtu mwingine mkasi?"

"Ni mwajiriwa, Irma. Atapewa ruhusa tu."

Hakuuliza tena habari za jioni, za mbwa wala za baa. Otilia kila asubuhi aliapa kwamba leo atapiga simu ya kweli, na kila asubuhi alipata sababu. Leo Bi Nolfa ana wageni. Leo mvua. Sasa amekawia, atamwambia nini Lolo, kwamba amekwisha kuahidi kwa niaba yake? Hofu ya kwanza ilikuwa imezaa ya pili, na ya pili ilikuwa nene kuliko mama yake. Usiku alimsikia mdogo wake akivuta hewa kama mtu anayeburuta gunia, naye akajifunika blanketi kichwani.

Siku ya tisa, Alhamisi, alfajiri, Irma hakuweza kunywa maji ila kwa kijiko. Alimshika Otilia mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Dada," akasema. "Nenda."

Huenda alimaanisha nenda jikoni, au nenda kalale. Otilia alikwenda chumbani akavaa koti, akachukua mkoba, akamgongea Bi Nolfa.

"Kaa naye. Nitarudi jioni."

"Wewe unakwenda wapi na hali hii ya mgonjwa?"

"Putaendo."

Bi Nolfa alichukua shali yake.

Otilia hakuwahi kusafiri nje ya mji peke yake. Kituoni alipanda basi lisilo lake akashushwa kwa kelele, akapanda jingine. Alikaa nyuma ya dereva akiwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili hadi mji wa San Felipe, na huko akaulizia kila mtu, hata polisi, mpaka akaingizwa kwenye basi dogo la bondeni. Hakukumbuka kuogopa. Baadaye hilo ndilo lililomchoma: kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Saa tatu na dakika chache. Mabasi mawili.

Alimkuta kwenye safu za mizabibu iliyobaki vijiti vitupu, mzee mfupi mwenye kofia ya majani, mkasi mkononi. Kwa hiyo kuhusu kupogoa hakuwa amedanganya, ingawa hakujua. Lolo alimtazama akija kati ya safu. Mkasi ukaanguka.

"Irma amekufa," akasema.

"Hajafa. Anakuita."

Lolo alitikisa kichwa. Aliinama kuokota mkasi, akakosa kuukamata, akainama tena. "Usinifanyie hivyo, dada. Irma hawezi kuniita."

"Alinituma siku kumi na moja zilizopita. Nilikupigia simu, nikasikia sauti yako, nikakata."

"Ile ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi. Halafu nilimwambia tumeongea. Nikamwambia ulilia na kwamba utakuja. Amekaa dirishani siku tisa anakungoja, amevaa blauzi ya buluu." Aliyasema yote kwa pumzi moja, kwa kuwa angesita yasingetoka. "Alinipa swali nikuulize. Kama unapata usingizi."

Lolo alikaa chini pale pale kwenye udongo, kati ya vijiti. Aliivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara, na Otilia alishtuka, maana akilini mwake kaka yake alikuwa bado na nywele nyeusi.

"Sipati," akasema Lolo. "Ningepata wapi?"

Hakubadilisha nguo. Alimpungia mkono msimamizi kwa mbali, akapiga kelele neno moja, "Mdogo wangu!", wakaenda barabarani kungoja basi. Basi la bondeni lilichelewa. Walisimama bega kwa bega, watu wazima wawili wasiojuana. Ndani ya basi la pili Lolo alikaa upande wa ndani. Walipokaribia mji, pale ambapo vilima vinafunguka na bahari yote inatokea ghafla chini, alishusha kofia usoni. Miaka ishirini na sita hakuwa ameitazama bahari. Otilia akamshika goti.

Walipanda kwa lifti, kwa sababu ilikuwa haraka zaidi. Mbwa mweusi aliwasindikiza. Bi Nolfa alikuwa amesimama mlangoni, na mikono yake, ambayo haikosi kazi, ilikuwa imeninginia tu.

"Saa kumi," akasema. "Saa kumi na dakika tano. Mungu amweke pema."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo.

Lolo alipita katikati yao akaingia. Otilia alibaki kizingitini. Alitaka kuuliza jambo na hakuthubutu, na Bi Nolfa akaliona.

"Hakuteseka sana mwishoni. Aliuliza uko wapi, nikamwambia umekwenda Putaendo. Nisingemwambia?"

"Akasemaje?"

"Alicheka kidogo. Akasema, 'Hatimaye amethubutu, mwoga wangu.'"

"Hatimaye?" Otilia alimtazama jirani yake. "Alijua?"

Bi Nolfa alivuta shali. "Mwanangu, nilidhani mmekwisha ambiana. Alijua tangu siku ile ya kwanza. Aliniambia wewe ukidanganya unaangalia mikono yako, tangu mkiwa watoto. Nikamwambia, basi niache nimpigie mimi huyo kaka yenu, simu si ni yangu? Akanikataza. Alisema, 'Ni lake. Mwache alifanye mwenyewe, atalifanya.'"

Otilia alishika fremu ya mlango. Siku zile tisa alijiambia kwamba mgonjwa ana furaha yake, kwamba tumaini la uongo nalo ni tumaini. Kumbe aliyekuwa akingojwa dirishani hakuwa Lolo peke yake. Irma alikuwa akimngoja yeye. Kila asubuhi alivaa blauzi, akajiinua kwa viwiko, akampa dada yake siku nyingine moja ya kuthubutu, kutoka katika siku chache alizobakiwa nazo. Naye aliichukua kila siku akaenda kuilalia.

Kelele aliyoitoa ilimtoa hata mzee wa nyumba ya kijani nje.

Maiti ilikeshewa pale pale chumbani, kama desturi, mishumaa minne na majirani wakisoma rozari kwa zamu. Lolo alikaa kichwani pa Irma, haondoki, hali. Kila aliyeingia alimwangalia mara moja, kisha akatazama chini, kwa maana wazee wote wa kilima walikumbuka. Hakuna aliyemsema. Mmoja tu, mwanamke aliyekuwa rafiki wa Irma, alimwekea mkono begani akaondoka.

Asubuhi, watu walipopungua, Lolo alimwuliza dada yake bila kugeuka.

"Alinisamehe?"

Otilia alikuwa akikwangua nta sakafuni. Neno lilikuwa tayari mdomoni, neno moja fupi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kulikanusha. Lolo angerudi kwenye mizabibu yake akalala usingizi. Alitazama mikono yake, ndipo akajiona anavyoitazama.

Aliinua uso.

"Hakusema," akajibu. "Sitakudanganya, Lolo. Neno hilo hakulisema. Alisema nikuite. Alisema nikuulize ile habari ya usingizi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akipata. Ndiyo yote niliyosikia. Pengine angekuambia mwenyewe kama ningekuleta. Pengine angekutukana. Siku tisa zile ndizo zilizokuwa na jibu lako, na nimezila mimi."

Mshumaa mmoja ulikuwa umeinama, Lolo akaunyoosha kwa vidole.

"Nilikuwa saa tatu tu kutoka hapa, dada," akasema. "Miaka ishirini na sita. Na mimi nilikuwa na miguu."

Hakusema kwamba amemsamehe, na Otilia hakuuliza.

Irma alizikwa Jumamosi, pamoja na Abel, katika makaburi ya juu ambayo upepo wake hauachi maua yakae wima. Safari hii Lolo alibaki mpaka udongo wa mwisho. Walipotawanyika watu, alipiga magoti akafuta jina la mtoto kwenye jiwe kwa mkono wa koti, herufi moja moja, akakaa hapo hadi mlinzi alipokuja kusema wanafunga.

Nyumbani Otilia alichemsha maji. Aliandaa mkate, akaukata, akaondoa kikombe kimoja alichokuwa amekitoa kwa mazoea. Lolo aliketi kwenye kiti cha kando ya jiko, mikono yake mikavu juu ya magoti, akitazama ukuta wa mabati kama anayejaribu kukumbuka ulikuwa na rangi gani zamani. Otilia alimimina chai, akachukua kijiko, akasimama nacho juu ya bakuli.

"Sukari?" akauliza.

"Vijiko viwili."

"Zamani ulikuwa huweki hata kimoja."

"Zamani," akasema Lolo.

Akatia viwili, akakoroga, akamsogezea. Wakanywa.